Kisu cha Mjomba Mwelwa

Lubumbashi, Katuba
Mwezi wa Julai

Yaya yangu mpendwa Virginie,

Pokea salamu za nyumba yetu yote. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, goti lako limetulia, na baridi ya mwaka huu haikuwafikia huko Pweto kama ilivyotufikia sisi, ambao asubuhi tunavaa makoti hata mezani. Sisi hatujambo, isipokuwa macho ya mke wangu Mado, ambayo nitayaeleza mahali pake.

Nakuita yaya, dada mkubwa, kwa sababu ulimi umezoea. Tangu mjomba wetu Mwelwa alipofariki, nanyi mkanipyanisha jina lake na kuniweka mahali pake, najua kwamba kwa desturi mimi ndiye Mwelwa, na wewe ni mpwa wangu. Juzi binti yako Huguette alinipigia simu akaniita babu. Mimi niliyembeba mgongoni, akiniita mjomba! Nilidhani amekosea namba.

Ningeweza nami kukupigia, lakini simu yako husikilizwa na nyumba nzima, na wajukuu hujibu kabla yako. Kwa hiyo nimempa barua hii jirani yangu Séphora, anayekuja huko kununua samaki wakavu. Tafadhali isome peke yako kwanza.

Nianze na sanduku la bati. Ulipolala kwetu mwaka jana uliliona chini ya kitanda ukauliza lina nini, nami nikakujibu kwamba ni vitabu vyangu vya shule. Halikuwa na kitabu hata kimoja. Lilikuwa limejaa visu.

Aliyenifundisha mambo ya visu ni Ariel, mume wa binti yetu. Unamjua: wazazi wake walitoka Kasai, ana duka la simu mjini, na akianza kueleza biashara hata mwenye haraka husimama. Nilipopata malipo yangu ya kustaafu ualimu, alinisihi nisinunue kiwanja, kwa maana kiwanja huzaa kesi, wala nisifiche pesa nyumbani, kwa maana pesa huoza. Alisema kuna watu ng'ambo wanaokusanya visu vya zamani vilivyofuliwa kwa mkono na kuviweka nyuma ya kioo, na kwamba bei yake hupanda kila mwaka kwa sababu wahunzi wanakufa na watoto wao wamekwenda kuchimba madini. "Papa," aliniambia, "kisu hakili, hakiugui, na hakiombi pesa ya shule." Nilicheka, kisha nikakubali.

Basi tukavitafuta. Ariel alivileta kutoka Kambove, kutoka Mokambo, na kutoka vijiji ambavyo sikupata kuvisikia. Vingine vilikuwa vipana kama jani la muhogo, vingine vilikuwa na mpini uliozungushiwa waya wa shaba. Nilipewa sheria zake: nisivinoe, nisivioshe, nisivipake mafuta, na zaidi ya yote nisikate navyo kitu chochote. Hapo ndipo nilipoanza kutoelewa. Jikoni tulikuwa na kisu kimoja kilichovunjika mpini, tumekifunga kwa mpira wa baiskeli, na chumbani tulikuwa na visu vya kutosha kijiji kizima. Siku moja Mado alichukua kimoja akate lengalenga, nami nikamfokea kama mtoto wa darasa la kwanza. Akakirudisha taratibu, akaniuliza ni kisu gani hiki kinacholala chini ya kitanda cha watu na kuogopa mboga.

Sasa macho yake. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, na kwamba lazima afanyiwe upasuaji kabla giza halijamfunga kabisa. Amekuwa akimimina chai kando ya kikombe, kisha anacheka kwa sauti ili nidhani amefanya mzaha. Nilimwambia Ariel kwamba wakati wa kuvuna umefika.

Akamleta mnunuzi anayeitwa Jeannot, mzaliwa wa hapa hapa Lubumbashi, ambaye sasa anakaa Zambia na huingia kwa njia ya Mokambo. Ni mtu mpole, ana lenzi ndogo aliyoifunga shingoni kwa kamba ya kiatu. Alitandika shuka mezani, akavigusa visu kimoja kimoja, akavigonga kwa kucha na kusikiliza. Kisha akaanza kuvitenga upande wa kushoto. Kile nilichokiona kuwa babu wa visu vyote, cheusi na kilicholika, alisema ni kipya. Kilikaushwa juu ya moshi pamoja na nyama, pengine mwaka juzi. Kile ambacho Ariel alitaka kukitupa kwa ubaya wake, ndicho alichokibusu. Upande wa kulia vilibaki viwili tu. Ariel alikuwa akijifuta jasho katika baridi ile, maana pesa zake zilikuwamo pia. Sina kinyongo naye. Aliyenipoteza njia alikuwa amepotea mbele yangu.

Visu vile viwili vimelipia jicho moja. Mado atafanyiwa upasuaji wiki ijayo, na ameniambia kwa furaha kwamba jicho moja linatosha kuniona nilivyozeeka.

Kabla ya kufunga mkoba wake, Jeannot aliniuliza kama hakuna kitu kingine nyumbani. Nilichomjibu nitakieleza baadaye, kwa sababu kwanza nataka ujue nilikokwenda baada ya hapo.

Nilikwenda Kambove kwa Mama Jeanne, mjane wa mjomba, ambaye anaishi kwa mwanawe Ruphin. Alinipokea mlangoni kwa mzaha wa desturi, kwa kuwa jina la mumewe ni langu sasa, akapiga kelele majirani wasikie: "Muone bwana yangu, amekuja mikono mitupu! Mwelwa wa mbele alikuwa akija na samaki!" Nilipokwisha kukaa, nikamwuliza juu ya kisu mlichonikabidhi siku ile ya kupyana, kile tunachoambiwa kuwa kilishikwa na kila Mwelwa tangu wa kwanza. Nilimweleza kwamba chini ya waya wa shaba, kwenye mpini, nimeona nusu ya tundu la duara lililotobolewa na mashine, na kwamba chuma chenyewe ni springi ya lori. Nilisema kwa sauti ya chini, nikidhani nitamuumiza.

Yaya, mama yule alicheka mpaka akakohoa. Alisema kile cha kwanza kilinolewa na kunolewa hata kikawa chembamba kama ukucha, kikavunjika wakati wa kumchinja mbuzi wa matanga. Mjomba alichukua kipande cha springi ya lori lililokufa kwenye barabara ya Pweto, akampelekea mhunzi. Kipya kilipokuwa tayari, walivilaza viwili katika kitambaa kimoja. Asubuhi wakakinywesha kipya maji, kama anavyonyweshwa mrithi wa jina, wakakitamkia jina, na kile cha zamani wakakizika. "Kisu nacho walikipyanisha, bwana yangu. Ulizani chuma hakifi?"

Nilirudi nikiwa sijui nishike lipi. Kwa hesabu ya Jeannot, kitu kilichowekwa mahali pa kingine na kupewa jina lake ni udanganyifu. Kwa hesabu ya Mama Jeanne, ni kile kile. Wote wawili walizungumza juu ya chuma kimoja, na kila mmoja alipokuwa akizungumza niliona ana haki. Nimefundisha watoto maisha yangu yote kwamba swali likiwa moja, jibu sahihi ni moja.

Lakini Mama Jeanne si mtu wa kucheka tu. Aliponipa maji ya kunawa aliniuliza ni nani aliyefungua waya wa mpini, kwa kuwa waya ule haufunguliwi ila na mhunzi. Nikamjibu kwamba ulilegea wenyewe. Nilimdanganya, naye akaniletea sahani ya bukari ya moto nile.

Haukulegea wenyewe. Jeannot aliponiuliza kama kuna kingine, nilikwenda chumbani nikakitoa kisu cha mjomba katika kitambaa chake cheupe, nikakiweka mezani juu ya shuka. Ariel alinishika mkono. Yeye, ambaye si wa ukoo wetu wala wa kabila letu, aliniomba mbele ya mgeni: "Papa, hicho hapana. Hicho si mali." Nilimwambia anyamaze, kwa sababu mama mkwe wake anapofuka. Nilimruhusu Jeannot afungue waya. Moyoni nilikuwa nimekwisha kukiuza. Alipoliona lile tundu, alikisukuma kisu kuelekea kwangu kwa kidole kimoja, akasema ni chuma cha kamio, cha lori tu, nikikatie nyama.

Nikuambie yote: nilipata aibu, lakini aibu yangu ya kwanza ilikuwa kwamba kimekataliwa. Ile nyingine, iliyopasa kutangulia, ilinikuta njiani nikitoka Kambove.

Kwa hiyo mtu akikusifia kwamba Laurent amekilinda kisu, mkatalie. Kipo hapa kwa kukosa mnunuzi. Mado hajui; akijua, atalikataa hata hilo jicho moja. Nakuomba uketi na wazee, uwasomee haya kama yalivyo, nao waseme kama anayeweza kufanya hivi anaweza kuendelea kuitwa Mwelwa. Wakisema hapana, wamtume mtu aje achukue kisu pamoja na jina, nami sitabishana. Usiku najaribu kujitetea: nasema, ikiwa springi ya lori ilinyweshwa maji ikawa kisu cha Mwelwa, huenda hata mtu kama mimi akawa Mwelwa. Kisha nakumbuka kwamba springi ile haikupata kamwe kumweka Mwelwa mezani imuuze. Hapo hoja yangu inakatika, na sijui mbele yake kuna nini.

Nisalimie Huguette na watoto wake, na shemeji, na wote wanaoniulizia. Mado anakusalimu sana. Anasema umwekee samaki mzuri, atakuja kumchagua kwa jicho lake mwenyewe. Mungu akutunze.

Mimi mdogo wako,
Laurent