Picha ya Mama Iko kwa Jirani

Hamburg, wiki ya tatu baada ya Nairuzi

Dada yangu mpendwa Farangis,

Salamu nyingi zikufikie hapo Kashan, wewe, shemeji na wanao. Goti lako linaendeleaje? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haijapata habari kwamba Nairuzi imepita na majira ya machipuko yameanza.

Nachora kila siku. Mwezi uliopita picha zangu zilitundikwa katika ukumbi mmoja mdogo. Watu walikuja, wakaniuliza mambo ya nchi yetu, wakaenda zao. Kuhusu rangi hakuna aliyeniuliza. Nilirudi nikala wali wa jana, nikazungumza na sufuria. Usinicheke, dada, upweke ni mbaya.

Umeniuliza mara nyingi kuhusu picha ya Mama, ile anamochambua mawaridi, niliyoahidi itakufikia kabla ya khitma ya kutimiza mwaka tangu afariki. Nilikujibu kwamba iko posta. Nilikudanganya.

Jirani yangu wa chini, mjane aitwaye Bi Ingeborg, alipanda kuniletea barua iliyopelekwa kwake kwa makosa. Akaiona picha, akasema ni nzuri mno. Nami, kwa adabu tulizolelewa nazo, nikamwambia ni yake, aichukue, ingawa ni kitu kidogo kwa hadhi yake. Ungekuwa wewe ungekataa mara tatu, tungeshikana mikono, na picha ingebaki ukutani. Yeye hakukataa hata mara moja! Alinikumbatia huku akilia, akaitia kwapani. Na mimi mjinga nikamfungulia mlango.

Najua utasema mdomo uliponza kichwa, nishuke nikaidai. Nilishuka, dada. Nilimweleza desturi yetu, akaona haya, akaitungua pale pale anirudishie.

Lililonishinda kukuandikia ni hili: sikuipokea. Tangu aichukue, kila Jumapili huniita nikamwone Mama. Huoka keki ya tufaha, huniuliza Mama alipenda kuimba nini. Katika mji huu wote ni mlango huo tu ninaofunguliwa, nikaogopa kwamba picha ikitoka, nami nitakuwa nimetoka. Alinisihi mara tatu niichukue. Nikakataa mara tatu, na safari hii nilikuwa nasema kweli.

Nisamehe. Nakuchorea nyingine, ila mikono ya Mama inanishinda kuichora. Nipigie picha ya mikono yako, maana ndiyo yake.

Nibusie watoto. Ukienda kaburini mwambie Mama kwamba siku hizi ana wageni kila Jumapili.

Mdogo wako akupendaye,
Mahvash