Bado Chenga

Kaka mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumai u mzima, na lile koo limepona, maana msoma habari asiye na sauti atakula nini? Mimi na Mama hatujambo. Habari za Baba nitazifikia.

Tangu uanze kusoma habari, Baba alikuwa na wimbo mmoja tu: anataka kumwona mwanawe. Lakini stesheni yenu iko nyuma ya milima, na antena yetu ya masikio mawili ilikuwa inaokota stesheni za karibu tu. Fundi akatueleza kuwa ipo ya duara, inanasa pande zote lakini haifiki mbali. Na ipo ndefu ya vijiti vingi, inatazama upande mmoja tu. Baba akachagua ndefu, ielekezwe kwako. Mama akanuna akahamia jikoni, kwa kuwa tamthilia yake ndiyo iliyokwenda na maji.

Nikapanda paani mwenyewe, fundi akishikilia bomba chini. Kila nikizungusha nauliza kama picha imekuja, na Baba anajibu kutoka sebuleni kuwa sauti safi, picha chenga tupu. Tukaongeza bomba. Chenga. Tukafunga busta ya kukuza mawimbi. Chenga. Fundi akalaumu milima, mimi nikamlaumu fundi, nusura tushikane mashati.

Mwishowe nikashuka, nikaingia ndani. Kaka, ulikuwa kwenye kioo, safi kabisa. Nikaona hata kidoti chako cha shavuni, na tai imekaa upande. Baba alikuwa ameinama, pua karibu iguse kioo, akaniambia nirudi juu, bado chenga.

Nilirudi nje nikalia, huku natikisa bomba ili adhani nafanya kazi.

Daktari amesema ni presha ya macho, na uoni uliopotea haurudi.  Tulipofika nyumbani kutoka hospitali, Baba akaniuliza kama siku ile tai yako ilikaa vizuri. Sasa kila jioni namsimulia ulivyovaa, na Mama mwenyewe amekataa antena igeuzwe.

Baba amenikataza kukwambia, asije akakuharibia kazi. Nimeshindwa. Mtu akimkaribia sana, Baba bado anaona kivuli chake. Njoo kabla hicho nacho hakijaondoka.

Mama anakusalimu. Baba naye anakusalimu sana, na amesisitiza nikuandikie hivi: antena imeshika, anakuona vizuri, ila kaza tai.

Mdogo wako,
Chiriku