Zulia la Nguo za Wakhungu

Noonkopir,
S.L.P. 418,
Kitengela.
9 Juni 2025

Mpendwa wifi yangu Valerie,

Mulembe? Mnalalaje na joto la huko Doha? Na yale magoti, yamepoa? Sisi tu wazima, ila upepo wa Kitengela umetuletea vumbi hadi kwenye unga. Nimekuandikia karatasi kwa sababu kwenye simu ungelia kabla sijamaliza. Whitney, binti wa jirani, anakuja huko kazini, ndiye atakayekufikishia.

Nataka usikie jambo hili kwangu kwanza. Nguo za ndugu yako nimezikata.

Ndiyo, zote. Jumamosi ni siku ya kugawa vitu vya marehemu huko nyumbani Butere, na kaka yenu Nick alinipigia akaagiza nilete sanduku lisipungue hata soksi. Koti la kijivu alishajichagulia. Valerie, Wakhungu aliugua mwaka mzima nikimfulia mashati hayo hayo, na Nick hakuja hata kumjulia hali. Wewe uliye mbali ulipiga simu kila Jumapili. Mila ya kugawa naijua. Kumtazama mgonjwa nayo ni mila, mbona hiyo hawakuikumbuka?

Basi nikaenda kwa Mama Nzau wa ploti ya nyuma, anayetengeneza mazulia kwa mitumba iliyokosa wanunuzi, nikamwomba anifundishe. Unakata nguo vipande virefu, unavisuka vitatu vitatu kama nywele, kisha unauzungusha msuko kuanzia katikati huku ukiushona kwa sindano ya gunia. Rahisi kusema! Zulia langu la kwanza lilijikunja pembeni likasimama. Mama Nzau alicheka mpaka akashika ukuta.

"Hii ni karai, Mama Brayo. Unavuta uzi sana. Kwani umekasirikia nani?"

Nikamwambia. Akachukua mkasi, tukalifumua lote.

La pili limelala chini vizuri. Katikati ni shati la harusi, ikafuata kaki yake ya kazini, na lile koti la Nick ndilo pindo. Jana mchana nilijilaza juu yake, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikapata usingizi wa kweli. Nalia nikiandika haya, lakini sijuti.

Nick amepata habari. Anasema nimemfanya ndugu yake kitambaa cha kupangusia miguu, na kwamba ukoo utaniita. Waniite! Asiyekuwepo kufua asinipangie kuanua.

Jumamosi nakwenda Butere na zulia langu begani. Nitalitandika katikati ya boma mbele yao wote, na sigawi hata uzi. Lakini anayetaka fungu lake la Wakhungu avue viatu, aje aketi. Hata Nick, akiweza. Mama yenu nitamketisha kwenye shati la harusi. Na lile shati la buluu ulilotuma kutoka huko nimelishonea upande mmoja, kando ya Mama. Hapo hataketi mtu, ni pako.

Nisalimie Ajwang unayekaa naye. Brayo anakusalimu wewe senge, shangazi yake, na Mama Nzau pia, ingawa hamjuani. Mungu akutunze kazini na njiani, hadi siku utakapovua viatu mlangoni kwangu.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye na nisiyeomba ruhusa,

Apondi