Mashini Nyeusi ya Abasi

Kamembe, Jumapili, mvua imekatika sasa hivi

Yaya wangu Mwamini, dada yangu mukubwa,

Nakusalimia kwa mikono mibili, namna mama alitufundisha, na barua hii ikifika Kalemie ikuinamie kwanza kabla haijasema kitu. Goti lako linasemaje? La kushoto nauliza, la kulia najua lilipona. Bado unashuka mpaka ziwani asubuhi ao sasa banakubeba? Nasikia macho yamechoka na mujukuu wako Salima ndiye anakusomea. Salima, soma polepole, usiruke mahali.

Mimi niko muzima. Mugongo unasema maneno yake, mimi siujibu. Hapa Kamembe mafundi ba mbao ni bengi, lakini muntu akitaka mulango ambao hautalia mvua ikinyesha, banamwambia aende kwa Mzee Ramazani. Juzi nimemaliza mulango wa duka la jirani, unaufunga kwa kidole kimoja. Batu bamekuja kuufunga na kuufungua bure, mpaka mwenye duka amekasirika.

Sasa Yaya, niko na neno kubwa, nalizungukazunguka tu. Zuhura ameolewa.

Zuhura ni mutoto wa mwanangu Abasi, ulimubeba mara moja tu, alipokuwa na meno mawili chini. Abasi alipokufa, mama yake Zuhura akaolewa Uvira, mimi nikabaki na mutoto na mashini. Mashini ni ordinateri ya Abasi, kompyuta ile ya kufunga na kufungua. Abasi alikuwa deklara hapa mupakani, anaandikia makamyo ya mizigo karatasi zao za forodha. Aliinunua Bukavu kwa muntu ambaye alikuwa ameitumia tayari, kwa hiyo ilikuwa imezeeka kabla ya kufika kwetu. Lakini mimi, na haya macho yangu ambayo yameona mbao za kila aina, sijaona kitu kimetengenezwa vile.

Kwanza rangi. Nyeusi isiyong'aa, kama jalada la musahafu ambao umeshikwa na mikono mingi. Pembe zake zimekatwa sawasawa, si kama hizi mpya, ukiziweka mezani zinafanana na kipande cha sabuni kilichobaki. Ikifungwa, mugeni hawezi kujua kama ni mashini ao kasanduku ka kuwekea hati za nyumba. Bawaba zake ni chuma cha kweli. Unasimamisha kifuniko popote unapotaka, kinakaa pale, hakianguki, hakirudi. Mimi natia bawaba tangu ujana wangu, na nakwambia zinazokubali kukaa pale unapozisimamisha ni chache. Kila kitufe cha klavye kina kabonde kadogo, kidole kinakaa ndani kama kisigino ndani ya sandali ya zamani. Juu ya kifuniko kuna kataa ka umeme, kadogo kama mbegu ya papai, kanaangazia vidole gizani. Na katikati ya herufi kuna kitu chekundu, kama punje ya pilipili. Kimoja tu. Kila kitu cheusi, halafu ile nyekundu moja. Aliyeitengeneza alijua kuacha. Mafundi bengi habajui kuacha, banaongeza maua.

Batoto ba hapa banaicheka, banasema ni tofali. Lakini muntu mumoja wa Kigali, mwenye miwani, alikuja kwangu kuagiza meza, akaiona, akasahau meza. Akaigeuza, akapapasa pembe, akasema hizi siku hizi batu banazitafuta kwa sababu habatengenezi tena namna hii. Akataka kuinunua. Nikamwambia anunue meza.

Lakini si uzuri peke yake, Yaya. Zuhura alijifunza kuandika na ile mashini, halafu akafanya kazi ya kuandikia batu mu chumba cha mbele: maombi ya kazi, kadi za arusi, mikataba ya mashamba. Mimi niko uani na randa, nasikia klavye. Ile ya zamani inalia kwa chini, kwa nguvu, si kama hizi zinazonong'ona. Abasi alikuwa anapiga haraka, haraka, halafu anasimama kidogo, anawaza, halafu haraka tena. Zuhura naye vilevile, hakuna aliyemufundisha. Kwa hiyo mimi kule uani nilikuwa nasema moyoni, Abasi anafanya kazi. Sikumwambia muntu. Miaka yote hii nimepiga randa uani na mwanangu yuko ndani.

Basi kijana mumoja, Shabani wa Gikundamvura, huko chini kwenye joto, alituma mujomba wake kuposa. Shabani ana duka la vifaa vya umeme. Ni kijana mwema, ingawa anatembea kama muntu aliyekanyaga kitu. Unajua kwetu mahari ni neno la binti, hakuna mzee wa kumusemea. Tukauliza chumbani, jibu likarudi: anataka mashini. Mujomba akafurahi, akasema hiyo ni kazi ndogo. Safari iliyofuata bakaleta mashini mpya ya rangi ya fedha, nyembamba kama chapati, ndani ya kartoni yake. Mujomba akaisifu mpaka mate yakaruka. Zuhura akatuma neno kutoka chumbani.

"Si hiyo. Ile ya baba yangu."

Batu bote bakanigeukia mimi.

Fikiria, Yaya. Mahari lazima itoke mukononi mwa bwana arusi. Naye ataitoa wapi, kama kitu kiko kwangu, na mimi ndiye walii wa kumuoza huyo binti? Nilisema sitoi, siuzi, siazimishi. Mujomba akaniangalia, akasema, "Mzee Ramazani, utuambie basi, tulikuja kuposa binti ao kuposa babu?" Bakacheka. Mimi pia kicheko kilinijia, nikakikatalia.

Balipokwenda, nikamwita Zuhura. Nikamuuliza kwa nini asiniombe tu, kama mutoto na babu yake.

"Nikikuomba utanipa asubuhi, Babu," akasema, "na jioni utakuja kuichukua, utasema unaipangusa vumbi. Mahari hakuna anayeirudia."

Nikamwambia yeye ni mukaidi. Akasema anajua ukaidi aliutoa wapi. Nilikasirika, sikula chakula chake siku ile, lakini nakwambia wewe peke yako: akili ile ni ya kwetu. Mama yake hakuwa nayo.

Halafu Shabani akaja peke yake, akanikuta kazini. Nilidhani ameleta bei, nikatayarisha matusi. Hakuleta bei. Aliomba kuiona. Nikamutolea, akaiweka mezani, akapangusa mikono kwenye suruali, akainua kifuniko kwa mikono mibili, kutoka katikati. Batu bengi banavuta pembe moja, ndiyo bawaba zinakufa. Nikamuuliza nani amemufundisha hivyo.

"Hakuna, Mzee. Nimeona tu yenyewe inataka hivyo."

Nilimurudisha kwao bila jibu. Lakini nilipiga randa siku nzima na lile neno.

Siku ya ndoa ikafika, na mimi bado sijasema ndiyo. Nyumba imejaa, pilau inanukia mpaka barabarani, Zuhura yuko chumbani na banawake, na mashini iko chini ya kiti changu, nimeifunga na kitambaa. Niliibeba pale kwa sababu ya wezi, nyumba ikijaa wageni. Wewe usiwaze sababu nyingine. Imamu akauliza mahari iko wapi. Mujomba wa Shabani akaonyesha chini ya kiti changu kwa kidevu. Batu bakakohoakohoa. Imamu akaniinamia, akasema kwa upole kwamba kitu hakiwezi kutoka kwangu kwenda kwa binti. Lazima kipite kwa huyu kijana, kiwe chake kweli, hata kama ni kwa pumzi moja.

"Na akitoka nayo mulangoni?" nikauliza.

"Basi atakuwa na mashini, hana muke," imamu akasema.

Bakacheka sana, mpaka banawake chumbani. Nikafungua kitambaa. Yaya, niliikagua mara ya mwisho, pembe kwa pembe, kama fundi anayekabidhi kazi. Batasema nilichelewesha kusudi. Bongo, uongo mutupu. Nikamuwekea Shabani magotini, nikasema mbele ya mashahidi kwamba ni yake. Akaishika pumzi moja, hasa moja, nilikuwa nasikiliza. Halafu akaiweka mbele ya imamu, akasema anamupa Zuhura binti Abasi. Jina la mwanangu likasemwa mule ndani kwa sauti, na batu bote bakaitikia.

Gari la kwao lilipofika, Zuhura alikuwa amekwisha kuvaa, hina mpaka kwenye viwiko. Akaingia chumba cha mbele, akaketi mahali pake, akafungua mashini. Akaniuliza, "Babu, niandike nini?"

Nikasema aandike chochote, mimi nitakuwa uani.

Nikaenda uani na kanzu yangu ya arusi, nikachukua ubao wowote, nikapiga randa. Naye akaanza ndani. Haraka, haraka, akasimama kidogo. Halafu haraka tena. Dereva akapiga honi. Mujomba akamwita jina. Yeye akaendelea. Na mimi nikaendelea, maranda yanajaa kwenye kanzu, mpaka ubao ukawa mwembamba hauna kazi tena, nikachukua mwingine. Sijui alikuwa anaandika nini. Sikumuuliza, yeye hakuniambia. Halafu kukawa kimya, na nikajua hii si ile ya kusimama kuwaza.

Tangu siku ile nafanya kazi asubuhi tu. Mchana nakuja kuketi chumba cha mbele. Pale mezani kuna mahali palipokuwa na mashini, mbao yake haijapauka kama mbao nyingine, inaonekana mraba mweusi sawasawa. Fundi mwingine angepiga musasa. Mimi sitapiga.

Kwa hiyo, Yaya, uniandikie. Mwambie Salima aandike yote unayosema, hata matusi. Unieleze kama ziwa limepanda, nani amekufa, nani amejenga, bei za samaki, kila kitu. Mimi sisomi haraka, lakini nasoma, na yako nitaisoma kwa sauti, ili nyumba hii isikie muntu.

Nisalimie shemeji yetu mwenye boti, umwambie bado ananidai ugomvi mumoja. Nisalimie mwalimu wa chuo cha Kurani aliyenichapa kwa sababu ya alifu, kama yuko hai, na kama hayuko hai nisalimie batoto bake. Nisalimie jirani yako muuza mafuta ya mawese, na bibi anayekusuka nywele. Salima asisalimiwe zaidi, ameshasikia jina lake vya kutosha.

Ni mimi ndugu yako mudogo,
Ramazani, fundi wa milango ya Kamembe

Barua zangu zote za zamani Zuhura ndiye aliyeziandika, zikakufikia zimenyooka. Hii nimeandika mwenyewe, kwa kalamu, tangu asubuhi.