Chumba chenye Dirisha la Mparachichi

Jumatano, 2 Oktoba 1991
Nimeamka, nimechemsha chai, nimemtukana jogoo wa jirani. Mvua tena. Bati la chumba changu linavuja palepale. Sheria imesema kodi isipande, lakini mvua haikuambiwa. Wapangaji wananenepa, nyumba inakonda.

Abiria wa basi la Bujumbura ameniletea salamu. Mwamini, binti yangu, anaumwa sana. Anarudi. Anataka kulala chumba cha marehemu mamake, kile chenye dirisha la mparachichi. Humo amepanga Kasimu, dereva wa lori.

Ijumaa, 4 Oktoba
Nimekwenda komini, ofisi ya serikali ya mtaa. Mpangaji hatolewi bila ruhusa yao, na ruhusa hutoka ukiwa na mtoto wa kumweka humo. Karani akauliza, "Mzee, nani atakaa?" Mdomo ukakataa kusema binti yangu anakufa. Nikasema, "Bibi harusi." Ofisi nzima ikacheka. Na mimi nikacheka. Karani akaandika hivyohivyo. Bibi harusi si mtoto; ombi limekataliwa.

Mjinga mimi.

Jioni nimejaribu kwa Kasimu. "Hama, nataka kuoa." Akanipiga begani. "Sheria iko upande wangu, bwana harusi!"

Jumatatu, 7 Oktoba
Mwamini amefika. Kondakta kambeba mgongoni toka barabarani. Mwepesi kama kikapu kitupu. Nimempa kitanda changu, nimekisogeza mbali na panapovuja.

Nimerudi komini mbio. Nikasema kweli. Karani: "Ijumaa bwana harusi, leo una mgonjwa. Kesho utaniletea mapacha?" Wakacheka tena. Nilikuwa nalia, wakadhani naigiza.

Kasimu kaondoka alfajiri, anapeleka mzigo Cyangugu, safari ya siku kadhaa. Kufuli mlangoni. Kufuli la mpangaji halivunjwi, hiyo nayo sheria. Nyumba nimejenga mimi, matofali nimekanyaga udongo wake mimi na mama Mwamini. Nasimama nje kama mwizi.

Alhamisi, 10 Oktoba
"Baba, dirisha?" Nasema kesho. Kila siku kesho.

Nimekata tawi la mparachichi, nimelifunga ukutani juu ya kichwa chake. Kaliangalia sana. Kacheka kidogo. "Baba, wewe muongo."

Ijumaa, 11 Oktoba
Mwamini amekufa asubuhi. Tumemzika baada ya swala. Tawi bado bichi.

Jumapili, 13 Oktoba
Kasimu karudi. Majirani wamemweleza kila kitu kabla hajazima lori. Kaja uani, kofia mkononi, kanipa ufunguo. "Mzee, ungeniambia tu. Ningelala kwenye lori."

Nikaupokea ufunguo. Kweli, sikumwambia. Kwa sheria nilimwendea karani. Mtu anayelala upande wa pili wa ukuta nilimfanyia utani.

Jumamosi, 19 Oktoba
Hakuna mvua. Nimemrudishia Kasimu ufunguo. Kakataa, nikauweka mfukoni mwake mwenyewe. Nimemwomba kitu kimoja: akisafiri aache dirisha wazi.

Leo kasafiri. Liko wazi.