Masizi kwenye Bunduki

Chepkoech mjukuu wangu,

Chamgei? Huku tuko salama, mvua inanyesha na ng'ombe amezaa. Unauliza kipuri kipya kikikataa kuingia, upige tupa wapi.

Nikiwa fundi kijana kiwandani, bunduki ya kufukuza nyani ililetewa bolti mpya, kile chuma kinachofungia risasi ndani, ikakataa kufunga. Nikashika tupa. Ouma, fundi mwenzangu wa kutoka ziwani, akanizuia. Akaipaka bolti masizi ya taa, akaijaribisha bundukini, akaitoa.

"Masizi yametoka hapa tu. Hapa ndipo inakwama."

Akapapiga tupa kidogo, ikafunga. Nyanya yako, aliyekuwa ametuletea chai, akapiga makofi.

Aliyemuoa ni mimi. Lakini hadi leo, akisugua sufuria yenye masizi, yeye hutabasamu peke yake, nami hutoka nje kuangalia ng'ombe.

Babu yako