Mama Mdogo Mbele ya Kitambaa cha Kijani

Mpendwa mama,

Nakuandikia kutoka chumba kile ulichokuwa ukihifadhia mpunga, hapa Kasongo. Siku hizi ni studio yetu ya video. Nilipoanza kazi ya redio ulikuwa ukiniuliza kila jioni: "Umeona, ao wamekuambia?" Haya niliyaona mwenyewe.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinisimulia kiwanja cha mama yako kule Kabambare, wewe ukitwanga majani ya sombe, mimi nikichochea moto? Mlikimbia vita, wewe na mama mdogo Amina, na bibi akafa nyuma yenu. Majirani ndio waliomzika. Wewe ulifariki hujafika kaburini. Mama mdogo naye magoti yamemkatalia. Njia ile haiwezi tena, hata kwa pikipiki. Lakini husema hawezi kufa hajamuaga mama yake.

Basi mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akienda Salamabila alipita kule, akatuchukulia video kwa simu. Nyumba haipo. Kuna majani, mchikichi mmoja, na mawe ya kaburi.

Mimi na Ramazani, mpiga picha wetu, tukatundika ukutani kitambaa cha kijani. Tulikipiga pasi ya makaa, maana kila kunjo huleta kivuli, tukaweka kiti mbali kidogo na ukuta. Kompyuta hufuta kila kilicho kijani, ikaweka video ile ya Kabambare mahali pake. Anayeketi mbele ya kitambaa huonekana kama yuko huko. Skrini tuliigeuza ili mama mdogo ajione.

Akaja na rafiki yake, Mama Fatuma. Unajua desturi yenu: wanawake wa chama cha msiba hununua kikwembe cha namna moja, wakakivaa wanapokwenda kuaga mfu. Safari hii walichagua kijani. Wala sikuwaza kuuliza.

Ramazani alipowasha, mwili wote wa mama mdogo ukatoweka. Vilibaki kichwa na mikono, juu ya majani ya Kabambare.

"Yo! Amina, umekuwa muzimu mbele ya kufa!" Mama Fatuma alicheka hadi akashika ukuta.

"Pole, mama mudogo," Ramazani akasema. "Tutafute kikwembe ingine."

"Hapana, baba. Nimekuya kuaga mama yangu. Nimuage na nguo ya shamba?"

Akakaza macho kwenye skrini. Pale kifua chake kilipopaswa kuwa, ulisimama mchikichi. Akasogeza kiti. Mchikichi ukahamia begani. Akasogea tena, polepole, mpaka mawe ya kaburi yakaingia katikati ya mwili wake, chini ya moyo. Mikono yake ikashuka, ikayazunguka.

Mama Fatuma akaacha kucheka. Nimeripoti mengi, mama. Najua jambo lile lilifanywa na nyaya na taa. Kujua hakukunisaidia; nilijikuta nimesimama.

"Mama, ni mimi Amina," akasema. "Zaina, dada yangu, alitangulia, iko kwako. Tulikimbia, hatukukutupa." Kisha akamgeukia Ramazani: "Usiguse kitu. Hapa iko muzuri."

Karatasi ya maswali yangu nikaikunja. Alikaa hivyo mpaka jenereta ikazimika. Skrini ilikuwa nyeusi, na mikono yake bado imekumbatia.

Ameaga, mama, kwa niaba yake na yako. Pumzika.

Kifungua mimba wako